Daftari Lisilomhesabu Fundi

Katika vibanda vya chai vya Chang'ombe na Tandika, na katika vituo vya mabasi vya Mwenge na Tegeta, liko swali moja ambalo wafanyakazi huulizana kila mwaka ufikapo wakati wa kutangaza hesabu. Huuliza hivi: "Mwaka jana kampuni yetu ilitangaza faida kubwa, na picha ya mkurugenzi tuliiona gazetini. Mwaka huu twaambiwa hakuna fedha ya nyongeza, na wenzetu kadhaa wamekwisha pewa barua. Je, faida ile ilikwenda wapi?"

Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kejeli. Jibu ambalo watu wengi wanalo mdomoni ni kwamba wakubwa wameila. Pengine ndivyo. Lakini liko jibu la pili, nalo ni zito zaidi: kwamba faida ile haikupata kuwapo, au ilikuwapo kwa namna ya mtu auzaye mabati ya paa lake wakati wa kiangazi, akajisifu kwa jirani zake kwamba mwaka huu amepata fedha. Leo twataka kulieleza jibu hili la pili, maana linahusu mali ambayo mfanyakazi huenda nayo kazini kila alfajiri na kurudi nayo jioni, wala haiandikwi katika daftari lo lote.

Mali ya namna mbili

Kila kiwanda kina mali ya namna mbili. Ya kwanza ni ile inayoonekana: kiwanja, jengo, mitambo, magari, marobota ya pamba na magunia ya saruji. Ya pili haionekani. Ni ujuzi wa fundi ambaye husikia mlio wa mashine akajua kwamba beringi inakaribia kufa. Ni utaratibu wa kazi uliojengwa kwa miaka mingi, hata mgeni akija huukuta na kuufuata. Ni imani ya mteja ambaye hununua bila kufungua mfuko, kwa sababu ameijua alama ya kiwanda tangu ujana wake. Wataalamu wa uchumi wameiita mali hii mtaji wa akili, nao huigawa mafungu hayo hayo matatu: ujuzi uliomo katika watu, utaratibu uliomo katika kampuni yenyewe, na uhusiano wa kampuni na wale wanaoiuzia na kununua kwake.

Seremala wa Keko hana haja ya mtaalamu kumfundisha jambo hili. Anajua kwamba randa na msumeno vyaweza kununuliwa kesho dukani, bali mwanagenzi aliyekaa naye miaka minne, anayejua kuusoma mbao kwa kidole, hanunuliwi dukani. Kadhalika watu wa Msasani wanao mfano wao. Edward Saidi Tingatinga alichora picha zake huko Oyster Bay kwa miaka michache tu, akafariki mwaka 1972. Hakuacha kiwanda wala mitambo. Aliacha vijana wachache waliojifunza kwake, na vijana hao wakafundisha wengine, hata leo watu wengi wanakula kwa ujuzi ule na jina lake limekuwa jina la sanaa yenyewe. Kama karani wa hesabu angaliingia katika kibaraza chake mwaka ule, angaliandika makopo ya rangi na vipande vya mbao, basi, akafunga daftari.

Kanuni za uhasibu zasemaje juu ya mali hii? Tangu Julai 2004 nchi yetu imefuata kanuni za kimataifa za hesabu, chini ya uangalizi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa mwaka 1972. Kwa kanuni hizo, kampuni ikinunua mtambo, bei yake haikatwi yote katika faida ya mwaka ule. Mtambo huandikwa kuwa mali, na bei husambazwa katika miaka ambayo utatumika. Lakini kampuni ikimpeleka kijana kusomea ufundi, fedha yote iliyotumika huandikwa kuwa gharama ya mwaka ule ule, na faida hupungua.

Sababu waitoayo wahasibu ni ya maana. Mtambo uko chini ya mamlaka ya kampuni, ambayo yaweza kuuza au kuufungia mlango. Bali mtu hafungiwi, aweza kuaga kesho akaenda kwingine na ujuzi wake. Sisi hatuna ugomvi na sababu hiyo. Nchi iliyopata kuona watu wakiuzwa Bagamoyo na Unguja kama bidhaa haiwezi kutaka binadamu aandikwe daftarini kuwa mali ya binadamu mwenziwe. Ila kanuni hii njema imeacha mlango wa nyuma wazi, na kwa mlango huo hupita meneja mwenye haraka.

Jinsi faida inavyopambwa

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda kimoja huuza bidhaa za shilingi milioni 1,000 kwa mwaka, na gharama zake zote ni milioni 900. Faida ni milioni 100. Katika gharama hizo mna milioni 40 za kuwafundisha wanagenzi, milioni 40 za kutunza mitambo, na milioni 30 za mishahara ya mafundi watatu wazee, ambao kazi yao kubwa ni kuwasimamia vijana. Anakuja meneja mpya. Ameahidiwa bonasi faida ikipanda. Anafuta mafunzo yote, anaacha milioni 10 tu za matengenezo, na wale wazee watatu anawapa cheti cha shukrani na kuwaaga. Gharama zinashuka hadi milioni 800, na faida inapanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200. Imekuwa maradufu kwa mwaka mmoja!

Hakuna aliyeiba. Hakuna karatasi ya uongo. Mkaguzi atapita kila mstari na kuona kwamba kila shilingi imeandikwa mahali pake. Meneja atapata bonasi yake na pengine atahamia kampuni kubwa zaidi. Katika mwaka wa tatu mashine moja inasimama, wala hapana ajuaye kwa nini, maana yule aliyekuwa akijua yuko shambani kwake Rufiji. Bidhaa zinarudishwa na wateja, na faida inakuwa hasara. Hapo ndipo wafanyakazi wanaitwa katika mkutano na kuambiwa kwamba hali ya biashara ni ngumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini aliyeuacha ufa hayupo, na watakaojenga ukuta ni wengine.

Yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kupika hesabu ni kuandika kisichokuwapo: mauzo ya hewa, bidhaa zisizo ghalani, madeni yaliyofichwa. Huo ni uhalifu, na sheria inao mkono wa kuushika. Kuipamba faida ni jambo jingine. Ni kutumia nafasi ambayo kanuni zenyewe zimeacha: kusukuma mauzo ya Januari yaingie Desemba, kukadiria kwamba mtambo utaishi miaka 20 badala ya 10, kukadiria kwamba wadeni wote watalipa, au kukata matumizi ambayo matunda yake ni ya miaka ijayo. Wa kwanza ni mwizi. Wa pili hufanana zaidi na yule wakili dhalimu tuliyesomewa habari zake utotoni, aliyewaita wadeni wa bwana wake na kuzibadili hati zao ili yeye mwenyewe apate pa kwenda siku atakapoachishwa kazi.

Twasema haya bila kumwonea mtu. Si kila meneja anayepunguza matumizi ana hila. Kampuni yaweza kupatwa na mwaka mbaya kweli kweli, na kukata baadhi ya gharama ikawa ndiyo njia pekee ya kuokoa kazi za wengi. Jambo la kutazama ni nini kinachokatwa kwanza, na nani anayelipwa kwa kukikata.

Tuliyoyaona hapa kwetu

Wazee wa Manzese na Mabibo wanakikumbuka vizuri Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, katika Barabara ya Morogoro, sehemu ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya peke yake. Kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Mafundi wa Kichina waliokuja hawakuleta mashine tu. Walisimama kando ya vijana wetu, ambao wengi wao hawajapata kuona kiwanda cha nguo, wakawafundisha kwa vitendo kusokota, kufuma na kupiga chapa. Miaka si mingi vijana wale wakawa mafundi, nao wakafundisha wengine.

Miaka ya 1980 ilipofika, uhaba wa fedha za kigeni uliwakosesha vipuri, na mitambo ikachakaa. Soko lilipofunguliwa, nguo za kutoka ng'ambo na mitumba zikaingia kwa wingi. Mwaka 1997 kiwanda kilifanywa kampuni ya ubia, upande wa China ukiwa na asilimia 51 na Serikali yetu asilimia 49, lakini siku zake za fahari hazikurudi. Hatusemi kwamba Urafiki kilidhoofika kwa kukosa ujuzi. Sababu zilikuwa nyingi. Tunalolisema ni juu ya daftari. Mtambo ukichakaa, kanuni zaamuru thamani yake ipunguzwe kila mwaka, na msomaji wa hesabu aone. Bali mfumaji wa miaka 20 akipewa mkono wa buriani, kanuni hizo hizo huonyesha baada ya kiinua mgongo kwamba mshahara mmoja umeokolewa. Ujuzi wa maelfu ya watu waweza kutawanyika mitaani, wala pasiwe na ukurasa hata mmoja wa kuonyesha kwamba nchi imepoteza kitu.

Mfano wa pili ni wa benki. Februari 6, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya kigeni yaliyokuwa nchini, yakiwamo Barclays, Standard na National and Grindlays, yalitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Majengo yalibaki, sefu zilibaki, vitabu vilibaki. Lakini vyeo vya juu vilikuwa mikononi mwa wageni, na mabenki ya Kiingereza yaliwaondoa watu wao. Wakati ule ndipo ilipojulikana wazi kwamba jengo la benki si benki. Chini ya uongozi wa Amon Nsekela, makarani Waafrika waliokuwa wakihesabu noti dirishani walipandishwa kushika kazi ambazo hawakufundishwa, wataalamu wa nchi nyingine wakaitwa kusaidia, na milango haikufungwa. Taifa lilijifunza. Shirika la Ukaguzi la Tanzania liliundwa mwaka 1968 ili kukagua mashirika ya umma, na mwaka 1972 kikaundwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Kwa hiyo thamani ya mtaji wa akili si habari ngeni kwetu. Tuliijua kwa kuikosa.

Lakini benki ile ile yatufundisha upande wa pili wa habari. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilikopesha mashirika ya mazao, vyama vya ushirika na viwanda vya umma, na wengi wao hawakuweza kulipa. Riba ambayo haijalipwa hata senti iliendelea kuandikwa kuwa mapato, na mikopo iliyokwisha kufa ikaendelea kuhesabiwa kuwa hai. Hivyo benki ilionekana ina faida. Tume ya Rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyepata kuwa Gavana wa Benki Kuu, ilichunguza mambo ya fedha na mabenki, ikatoa taarifa yake mwaka 1990. Sheria mpya ya mabenki ya mwaka 1991 ikafuata, na mikopo ikaanza kupimwa kwa ukweli wake. Hapo ndipo pazia lilipofunguka. Mikopo mibaya ilihamishiwa katika chombo maalum cha kukusanya madeni, Hazina ikabeba mzigo, maana yake mlipa kodi akaubeba. Mwaka 1997 benki ikagawanywa, na mwaka 2000 sehemu yake iliyobaki na jina la zamani ikauzwa, asilimia 55 ikaenda kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini.

Je, wakati ule benki ilikosa watu wenye elimu? La hasha! Ilikuwa nao, tena wengi, waliofundishwa kwa fedha ya umma. Mikopo ile ilitolewa kwa maagizo na kwa haja za taifa zaidi kuliko kwa kupima uwezo wa mkopaji, na mtu aliyejua ukweli hakuwa na mahali pa kuusemea. Ujuzi peke yake haukuizuia faida kupambwa. Yatakiwa pawe na ruhusa ya kusema, na mtu wa kusikiliza.

Mfano wa tatu ni wa juzi juzi. Kampuni ya maduka makubwa ya Uchumi ya Kenya ilianzishwa mwaka 1975. Ilianguka mwaka 2006, ikafufuliwa, ikavuka mipaka na kufungua maduka Uganda na hapa Dar es Salaam. Juni 2015 bodi yake ilimwondoa mtendaji mkuu pamoja na mkuu wa fedha, na Oktoba mwaka ule ule maduka ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Uchunguzi uliofuata ulitia shaka juu ya hesabu za miaka iliyotangulia. Lakini kabla ya mchunguzi ye yote kufika, akina mama waliokwenda kununua walikwisha kuona kwa macho yao kwamba rafu zilikuwa zikibaki tupu. Wenye bidhaa walikuwa hawajalipwa, wakaacha kuleta. Imani yao, ambayo ni sehemu ya mtaji ule usioonekana, ilikuwa imekwisha kutoka mlangoni. Rafu zilisema kweli mapema kuliko vitabu, na watu wa kwanza kuzisoma walikuwa wafanyakazi waliozipanga.

Akili pia yaweza kuwa kanzu

Wako waonao kwamba dawa ni kuandika mtaji wa akili katika taarifa za kampuni. Nchini Sweden kampuni ya bima ya Skandia ilianza kufanya hivyo mwaka 1994, ikiongozwa na Leif Edvinsson, na dunia ya biashara ikaisifu. Jambo lile lilikuwa jema. Hata hivyo mwaka 2003 kampuni hiyo hiyo ilitikiswa na kashfa ya bonasi na nyumba walizopewa wakubwa wake. Kuijua thamani ya ujuzi hakukuwazuia wakubwa kujipendelea.

Enron ya Marekani ni onyo kali zaidi. Kwa miaka sita mfululizo jarida moja kubwa la biashara liliitaja kuwa kampuni yenye ubunifu kuliko zote nchini humo. Iliajiri vijana waliofaulu vizuri katika vyuo vikubwa. Mtaji wake wa akili ulikuwa mwingi kweli, nao ulitumika kubuni njia za kuficha madeni na kuandika leo faida zilizotazamiwa miaka mingi ijayo. Ilifilisika Desemba 2001. Wafanyakazi wake wengi, ambao akiba zao za uzeeni zilikuwa katika hisa za kampuni hiyo hiyo, walipoteza kazi na akiba pamoja. Kampuni ya Andersen iliyokuwa ikikagua hesabu zake nayo ikasambaratika.

Wataalamu wa nchi mbalimbali wamejaribu kupima kama kampuni zenye mtaji mkubwa wa akili hupamba faida zao zaidi au kidogo. Kwa jumla wameona kwamba kampuni zenye ujuzi mwingi hufanya vizuri zaidi kazini. Lakini juu ya kupamba faida majibu yao hayalingani. Pengine ujuzi ulipunguza hila, pengine uliinoa. Sisi hatushangai. Kisu kikali humsaidia mpishi, na humsaidia mnyang'anyi.

Hata kipimo chenyewe chahitaji kutazamwa kwa jicho pevu. Mtaalamu mmoja wa Ulaya, Ante Pulic, alitoa kipimo ambacho kimeenea sana. Asema: chukua mauzo ya kampuni, ondoa vitu vyote vilivyonunuliwa nje, na kinachobaki ndicho thamani iliyoongezwa na kazi. Kisha usiitazame mishahara kuwa hasara, bali kuwa mtaji, uulize kila shilingi ya mshahara imezaa shilingi ngapi za thamani. Wazo hili lina heshima kwa mfanyakazi. Lakini hebu tufanye hesabu. Thamani iliyoongezwa ikiwa shilingi milioni 400 na mishahara milioni 250, kila shilingi ya mshahara imezaa shilingi 1.60. Sasa meneja awafukuze watu, mishahara ishuke hadi milioni 200, na kwa mwaka mmoja wa kwanza thamani ikae pale pale kwa sababu waliobaki wanafanya kazi ya watu wawili. Kipimo kitapanda hadi shilingi 2. Karatasi itasema kwamba akili ya kampuni imeongezeka, siku ile ile ambapo wenye akili wako getini na mizigo yao! Zaidi ya hayo, kipimo hicho huchota katika chungu kile kile cha hesabu. Faida iliyopambwa huingia humo pamoja na mapambo yake.

Yatupasayo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ikiwa daftari la mhasibu halina ukurasa wa ujuzi, yatupasa tuulize habari zake kwa njia nyingine, nasi twaziona njia hizo ziko karibu.

Kwanza ni chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aliyekitambua chama akipe habari zinazohitajika ili kipate kujadiliana naye sawasawa. Viongozi wengi wa matawi huingia katika majadiliano wakiwa na ombi moja tu, asilimia ya nyongeza. Waingie pia na maswali. Wanagenzi walikuwa wangapi mwaka juzi, na leo ni wangapi? Shilingi ngapi zilitumika kwa mafunzo na ngapi kwa matengenezo? Mafundi wenye zaidi ya miaka 10 walioondoka ni wangapi, na nani ameshika mahali pao? Mashine zilisimama saa ngapi? Bidhaa ngapi zilirudishwa? Haya si maneno ya chuo kikuu. Kila msimamizi wa zamu pale Chang'ombe au Wazo Hill anaweza kuyajibu kwa sehemu ya kazi yake. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ulikuwa na shabaha ya namna hii hii. Na mahali ambapo baraza lilifanywa kuwa la kunywa soda na kupiga makofi, kosa halikuwa la waraka.

Pili, tujifunze kuisoma taarifa ya fedha taslimu. Kila kampuni ya soko la hisa hutangaza hesabu zake, na ndani yake mna ukurasa unaoonyesha fedha iliyoingia na kutoka kwa kweli. Faida yaweza kukadiriwa. Fedha iliyo benki huhesabiwa. Kampuni ikitangaza faida inayopanda mwaka hata mwaka, na fedha inayotokana na kazi zake haipandi, pana haja ya kuuliza. Mtu ye yote aliyesoma hadi darasa la saba na kuendesha duka la mtaani anaweza kuelewa jambo hili, maana anajua tofauti ya fedha iliyo droo na fedha iliyo katika kitabu cha mkopo.

Tatu ni wenye mali. Soko letu la hisa lilianza kuuza na kununua mwaka 1998, na leo wanunuzi wakubwa wa hisa ni pamoja na mifuko ya hifadhi ya jamii. Fedha ya mifuko hiyo ni ya nani? Ni ya mfanyakazi yule yule wa Mbagala na Kawe, anayekatwa kila mwezi. Kwa hiyo wawakilishi wa mifuko katika mikutano ya wanahisa wasiridhike na gawio la mwaka mmoja. Wakatae bonasi inayopimwa kwa faida ya mwaka mmoja peke yake, na wadai sehemu yake ingoje miaka mitatu au minne, mpaka ionekane kama paa bado liko juu ya nyumba.

Nne ni Serikali na waajiri. Tozo ya kuendeleza ujuzi, inayolipwa na mwajiri kwa hesabu ya mishahara, ilipunguzwa mwaka 2013 kutoka asilimia 6 hadi 5, na kwa hatua kadhaa ikafika asilimia 3.5 mwaka 2023. Waajiri waliomba, nao walikuwa na sababu zao. Lakini fedha iliyobaki mikononi mwao ilikwenda wapi? Ikiwa ilirudi katika karakana kufundisha vijana, vema. Ikiwa ilikwenda kuinenepesha faida ya mwaka, basi taifa limelipia mapambo. Chuo cha ufundi cha VETA kipo hapo hapo Chang'ombe, hatua chache kutoka katika milango ya viwanda. Kila kiwanda cha jirani chaweza kusema ni vijana wangapi wa chuo hicho kilichowapokea, na wangapi waliobaki.

Mwisho twamwambia ndugu yetu mhasibu neno moja. Elimu yake imelipiwa na wananchi, na kalamu yake ina uwezo ambao nyundo haina. Yeye ndiye wa kwanza kujua wakati makadirio yanapovutwa ili bosi apendeze. Asidhani kwamba kwa kuwa kanuni hazikuvunjwa hakuna aliyeumia. Mficha uchi hazai. Na kampuni inayomficha mwenye nayo udhaifu wake haitibiwi.

Sasa turudi kwa wale walioulizana katika kibanda cha chai. Faida ya mwaka jana ilikwenda wapi? Ndugu zetu, kabla ya kuitafuta mifukoni mwa watu, tazameni kwanza katika karakana. Mtazameni yule mzee aliyeagwa na nafasi yake ikaachwa wazi. Itazameni mashine ambayo haikupakwa grisi, na kijana ambaye hakupelekwa chuoni. Kama hao ndio walioliwa, basi faida ile ilikuwa mtaji wenu, nanyi mna haki ya kuuliza habari zake. Ulizeni kwa adabu, ulizeni kwa takwimu, ulizeni kila mwaka, wala msingoje mpaka barua zianze kugawanywa.